Mama Safari Anajibu: Eugene, mji unaohesabu mizunguko

Toleo lililopita niliandika mistari miwili tu: kwamba tarehe 5 Julai 2025 nilikuwa uwanjani Eugene, jimbo la Oregon, Marekani, mchana ule Wakenya Beatrice Chebet na Faith Kipyegon walipovunja rekodi za dunia za mbio. Mistari hiyo miwili imeniletea barua nyingi kuliko makala zangu zote za fukwe. Kwa wasionijua: mimi ni mzaliwa wa Karatu, naishi Oregon mwaka wa kumi na nne sasa, mwendo wa saa moja kwa gari kutoka Eugene, na huko naenda kila nikipata siku ya mapumziko. Nimechagua barua tatu.

Salaam dada. Mimi ni mwalimu wa michezo mstaafu, naishi Mbulu. Binti yangu yuko Seattle na mumewe, wamenikatia tiketi niende kuwaona mwezi wa saba. Nimewaomba jambo moja tu, wanipeleke Eugene siku mbili. Mkwe wangu anasema kule hakuna kitu, ni chuo na uwanja, na kama hakuna mashindano uwanja wenyewe utakuwa umefungwa. Anasema kweli? Nina miaka 66 na goti moja linanisumbua. – Mwalimu, Mbulu

Shikamoo mwalimu. Mkwe wako hajasema uongo, ila ameishia njiani. Eugene ni mji wa watu wasiofika laki mbili, umekaa kwenye bonde la mto Willamette, na Chuo Kikuu cha Oregon kiko katikati yake. Mtu akiuzunguka bila kujua anatafuta nini, atarudi Seattle akisema ameona miti na baiskeli. Wewe unajua unachotafuta, na tena unatoka Mbulu. Kwa hiyo nakupangia safari ambayo nisingempangia mtu mwingine.

Usianzie uwanja wa riadha. Anzia Autzen, ule uwanja wao mkubwa wa mpira wa Kimarekani, ng'ambo ya mto. Mbele ya uwanja huo ndipo marathoni ya Mashindano ya Dunia ya 2022 ilipoanzia na kuishia. Wanaume walikimbia tarehe 17 Julai, mizunguko mitatu ya kama kilomita 14 kila mmoja. Tamirat Tola wa Ethiopia alishinda kwa 2:05:36, na Gabriel Geay wa mkoa wenu wa Manyara akamaliza wa saba kwa 2:07:31. Ukisimama pale asubuhi, kabla magari hayajaanza, hakuna bango la kukuambia hayo. Utayajua wewe mwenyewe, na wajukuu utawasimulia palepale barabarani.

Hatua chache kutoka hapo unaingia kwenye njia ya kukimbilia inayoitwa Pre's Trail. Urefu wake ni kilomita sita na ushee, lakini inajizungusha na kukatana, kwa hiyo unaweza kufanya moja au mbili ukarudi. Chini hapakuwekwa lami wala changarawe, pamemwagwa maganda ya miti yaliyosagwa, rangi ya ugoro, na yakipata umande yanatoa harufu ya karakana ya seremala. Goti lako litapumua. Unakanyaga kama unapita shambani kulikolimwa juzi, mguu unazama kidogo halafu unarudishwa. Vaa sweta asubuhi, hata kama ni Julai. Mchana kutakuwa na joto na jua halizami mpaka karibu saa tatu usiku, jambo ambalo mgeni wa kutoka kwetu linamchanganya mpaka anasahau kula.

Njia hiyo imepewa jina la mkimbiaji Steve Prefontaine, na huwezi kukaa Eugene nusu saa bila kulisikia jina hilo, wenyewe wanalikata wanasema Pre. Alikuwa mtoto wa Coos Bay, mji wa bandari pwani ya Oregon, akaja kusoma Eugene. Mwaka 1972 kwenye Olimpiki ya Munich, akiwa na miaka 21, aliongoza fainali ya mita 5,000 karibu na mwisho akitafuta dhahabu, akapitwa, akamaliza wa nne. Alikufa akiwa anashikilia rekodi zote za Marekani kuanzia mita 2,000 hadi 10,000. Huko Ulaya alikuwa amekimbia kwenye njia laini za msituni, akarudi akiwashawishi watu wa mji wake wazitengeneze kama zile. Walizitengeneza, yeye akiwa hayupo.

Hapo njiani, mwalimu, ndipo nilipokutana na kitu kilichonifunga na mji huu. Ilikuwa mwaka wangu wa pili Oregon. Nilikuwa natembea, nimechoka na kazi za usiku, na mzee mmoja mwenye umri wa kama miaka sabini na mitano alikuwa anakimbia polepole mbele yangu, hatua fupi fupi, mgongo umenyooka. Alisimama kujinyoosha, nikamfikia, tukasalimiana. Akaniuliza natoka wapi. Nimeulizwa swali hilo mara nyingi sana nchi hii, na nikitaja Tanzania naletewa Kilimanjaro, simba, au wengine wananiuliza kama ni karibu na Nigeria. Mzee yule alinyamaza kidogo, akanyoosha kidole kimoja, akasema, "Bayi. Christchurch. Aliongoza toka mwanzo."

Nilishindwa kusema. Filbert Bayi ni wa Karatu, kwetu hasa. Tarehe 2 Februari 1974, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola, aliondoka na mlio wa bunduki kwenye mita 1,500 na hakuruhusu mtu mbele yake mpaka utepe, 3:32.2, rekodi ya dunia, John Walker wa New Zealand akimfukuza mbele ya watu wake mwenyewe. Nimekua nikisikia hadithi hiyo jikoni kwa baba. Sasa naisikia kando ya mto Oregon kutoka kwa mtu ambaye hajawahi kufika Afrika, naye anaijua hadi mwanya ulivyokuwa kwenye kona ya mwisho. Alinieleza kwa mkono, vidole viwili vikikimbia juu ya kiganja. Mwalimu, hicho ndicho mkwe wako asichokijua. Unakwenda Eugene kwa ajili ya watu wake.

Kwa hiyo vaa kitu kinachoonyesha unatoka wapi, hata kofia yenye bendera. Keti kwenye benchi. Watakuja wenyewe.

Mchana vuka mto kwa daraja la waenda kwa miguu, liko karibu na Autzen, unatokea upande wa chuo. Hayward Field iko hapo. Uwanja ulianza 1919 na umeitwa kwa jina la Bill Hayward, kocha wa zamani. Majukwaa ya mbao ya zamani yalibomolewa 2018, na watu wengi walilia, mimi nikiwa mmoja wao, kwa sababu mbao zile ukizipiga kwa miguu mzunguko wa mwisho zilikuwa zinaongea. Huu mpya ni mzuri, siwezi kukataa. Paa lake limeinama juu ya watazamaji hadi unahisi uko chumbani na wakimbiaji. Nje kuna mnara wa ghorofa kumi wenye picha za watu watano: kocha Bill Bowerman, Prefontaine, Otis Davis wa mita 400, Ashton Eaton wa dekathlon, yaani mashindano ya michezo kumi, na Raevyn Rogers wa mita 800. Chini ya mnara kuna ukumbi wa kumbukumbu. Binti yako aulizie mapema siku na saa za kufungua, maana hapo ni chuo na ratiba hubadilika.

Mahali pa mwisho nenda kwa gari, usitembee. Ni barabara ya Skyline, mlimani mashariki ya chuo, nyembamba, ina kona na haina njia ya miguu. Tarehe 29 Mei 1975 Prefontaine alishinda mita 5,000 Hayward Field, na baada ya usiku wa manane, akirudi nyumbani, gari lake liligonga mwamba pale na kupinduka. Alikuwa na miaka 24. Mwamba upo mpaka leo, na jiwe la kumbukumbu lililowekwa lilichongwa na wafungwa wa gereza la jimbo, kwa sababu enzi za uhai wake alikuwa akienda huko kuwafundisha kukimbia. Watu huacha vitu vyao: medali, namba za kifuani, viatu. Mara ya mwisho niliona raba ya mtoto, ya kushoto peke yake, ukubwa wa kiganja changu, kamba zimefungwa fundo mara mbili kama mama anavyomfunga mtoto asijikwae. Kama bado unayo namba ya kitambaa ya mashindano yoyote ya wanafunzi wako, ibebe.

Kutoka Seattle kuna treni ya moja kwa moja, saa sita na kidogo, na inakushusha katikati ya mji. Ni nzuri kwa goti kuliko gari. Na viatu vya wajukuu nunueni Oregon, siyo Seattle: jimbo hili halitozi kodi ya mauzo, bei ya kwenye lebo ndiyo utakayolipa.

Mama, habari za siku. Sisi ni familia ya Wakongomani, tunakaa Boise, Idaho. Bwana yangu ni mtu wa mbio na anataka tuende Eugene kwa gari mwanzo wa mwezi wa sita pamoja na watoto wawili, wa miaka tisa na sita. Mimi nina pumu, na mbio si yangu. Tutafanya nini sisi watatu wakati yeye anakimbia? – Mama wa watoto wawili, Boise

Mama, mwambie baba watoto asogeze tarehe. Nasema hivyo kabla ya kitu kingine chochote. Bonde la Willamette ni moja ya sehemu kuu duniani zinazolima mbegu za majani, yale ya kupanda uwanjani na malishoni. Kuanzia mwisho wa Mei mpaka Juni majani hayo huchanua, na chavua yake hujaa hewani hadi unaiona kwenye vioo vya gari, njano. Nina rafiki ambaye hana pumu kabisa, na mwezi huo anatembea na leso mbili. Kwa mwenye pumu si mahali pa kwenda kujaribu. Katikati ya Julai hali hupungua sana. Agosti ni kavu na nzuri, ila kuna miaka moshi wa moto wa misitu hushuka bondeni, kwa hiyo angalieni hali ya hewa siku mbili kabla ya kuondoka. Dawa yako ya kuvuta ikae mkononi, isiende kwenye buti la gari.

Mkifika, yeye muacheni kwenye njia ya maganda, ninyi bakini hapohapo Alton Baker, ndiyo bustani kubwa ya kando ya mto. Kuna mfereji wenye bata, na kuna kitu ambacho watoto wangu wa kubatiza walikipenda kuliko vyote: mfano wa jua na sayari zake, uliopangwa kwa kipimo cha moja kwa bilioni. Jua ni tufe la njano linalomzidi mtoto wako mdogo kimo. Ukitoka hapo ukatembea mita 150 unakuta dunia, na dunia yenyewe ni kidogo kama punje ya njegere. Sayari nyingine zinafuata njia ya mto, na Pluto iko karibu kilomita sita mbele. Wa miaka tisa atataka kufika Pluto. Mwache baba yake ampeleke, si ndiye mtu wa mbio.

Jumamosi kuna soko la wazi katikati ya mji, lipo tangu 1970, wanauza vyakula na kazi za mikono walizotengeneza wenyewe. Litakutosha asubuhi nzima.

Hujambo Mama Safari. Mimi ni kijana wa Eldoret, nakimbia mita 1,500 lakini bado sijafika mbali. Huwa naumia nikisikia Eugene inaitwa Mji wa Riadha. Rekodi zinavunjwa na watu wetu, Iten hapa jirani ndiyo yenye mabingwa, halafu jina na pesa zinabaki Oregon. Wewe huoni kwamba tunaibiwa? – Kijana wa 1,500, Eldoret

Sijambo mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na sitakupuuza kwa kukuambia michezo ni ya wote. Una haki ya kuumia. Chebet alikimbia mita 10,000 hapo Hayward Field Mei 2024 kwa 28:54.14, mwanamke wa kwanza duniani kushuka chini ya dakika 29. Mwaka uliofuata, uwanja huohuo, akakimbia 5,000 kwa 13:58.06, mwanamke wa kwanza chini ya dakika 14. Kipyegon akafuata na 3:48.68 kwenye mita zako, 1,500. Mwaka 2022 Kipyegon huyohuyo alichukua dhahabu ya dunia hapo, Emmanuel Korir akachukua ya mita 800, na jirani yetu Joshua Cheptegei wa Uganda ya mita 10,000. Hata chuo chenyewe, mwanariadha wake mwenye mataji mengi kuliko wote ni Edward Cheserek, kijana wa Kenya, mataji 17 ya vyuo vya Marekani. Ukihesabu hivyo, Eugene inakula kwa mkono wetu.

Lakini jina hilo halikutoka kwenye rekodi. Bill Bowerman alifundisha hapo miaka ishirini na zaidi. Mwaka 1962 alikwenda New Zealand kumtembelea kocha Arthur Lydiard, akapelekwa kukimbia na watu wa kawaida wa mtaani, na mzee wa zaidi ya miaka sabini akalazimika kupunguza mwendo ili asimwache. Bowerman alirudi Eugene akawaita watu wa mji, wake kwa waume, wenye vitambi na wasio navyo, waje wajifunze kukimbia polepole. Walikuja wengi kuliko alivyotarajia. Hao ndio walioanza kujaza majukwaa, kwa sababu mtu ambaye mwenyewe amepumua kwa shida mzunguko mmoja anajua anachokiona mbele yake. Viatu vilikuja baadaye: alianza biashara na Phil Knight, aliyekuwa mwanafunzi wake, 1964, akamimina mpira kwenye chuma cha mke wake cha kuokea mikate ya waffle apate soli, na kampuni ikawa Nike. Pesa za kujenga uwanja mpya kwa sehemu kubwa zimetoka kwa Knight na mkewe. Kwa hiyo ndiyo, kuna pesa. Ila watu wa majukwaani walitangulia pesa.

Nikueleze nilichokiona Julai 2025. Kulia kwangu aliketi mama mmoja mzungu, nywele nyeupe, kofia ya kijani iliyopauka. Magotini ana daftari la shule la kawaida, kidoleni stopwochi ya zamani ya kamba nyeusi, kitufe chake kimesuguliwa hadi kimeng'aa. Mbio za 5,000 zilipoanza hakupiga makofi. Kila Chebet alipopita mstari alibonya, akaandika namba moja, akapiga mstari chini. Juu kabisa nusu mzunguko, kisha mizunguko kumi na miwili. Kwa wastani zilikuwa sekunde 67 kila mzunguko, na ilipobaki mizunguko mitatu alifanya hesabu pembeni kwa penseli, akanishika mkono, akasema, "Itashuka chini ya kumi na nne." Ubao haukuwa umesema. Mtangazaji hakuwa amesema. Mzunguko wa mwisho Chebet alimwacha Mkenya mwenzake Agnes Ngetich, na mama yule alisimama huku analia na bado kidole kiko kwenye kitufe, kwa sababu namba ya mwisho alikuwa hajaiandika.

Mimi nilikimbia mita 800 UMITASHUMTA, mashindano ya shule za msingi Tanzania, miguu peku, nikashinda. Siku ile stopwochi pekee iliyokuwapo ilikuwa imeharibika. Mwalimu aliyesimama kwenye mstari aliandika "wa kwanza" kwenye karatasi, na hapo mbele pa kuandika muda akachora kistari. Nina miaka 51, na mpaka leo sijui nilikimbia kwa dakika ngapi. Nilipoona daftari lile magotini mwa mama wa watu, kistari kile kilinirudia koo ikakauka.

Iten ina lango lake barabarani, ina shule ya St Patrick's, ina Bruda Colm O'Connell aliyefika 1976 na kuwafundisha mabingwa wengi kuliko kocha yeyote ninayemjua. Wakimbiaji mnao, hamdaiwi na mtu. Lakini niambie, kwenye mashindano ya wilaya ya shule, nani anakaa kwenye kona ya pili na kuandika mzunguko wa msichana aliyekuwa wa tano? Wa tano huyo ndiye anayehitaji kuandikwa. Chebet wa mwaka 2035 yuko shule ya msingi sasa hivi, na pengine leo ametokea wa tano.

Umesema bado hujafika mbali. Muda wako wa 1,500 hukuutaja kwenye barua, na nashuku ni kwa sababu hakuna aliyeupima vizuri. Niandikie tena kupitia gazeti. Nitakutumia stopwochi mbili na madaftari. Moja ya kwako. Nyingine mpe mtu ambaye hakimbii kabisa, mama muuza mahindi pale nje ya uwanja mnapofanyia mazoezi kama atakubali, mwelekeze pa kubonya, na akuandikie mizunguko yako yote mpaka Desemba. Mwalimu wa Mbulu naye, akitoka Eugene, namletea za kwake Seattle.